Bi Harusi, Samaki Nao Wana Kufu



Leo nimekuja kugomba, mtanistahamilia. Nagomba na ule mtindo wa kumtunza bi harusi tangi la kioo lenye maji ya bahari, la kuweka sebuleni, likajazwa samaki kwa kufuata rangi ya pazia. Wa manjano mmoja, wa buluu mmoja, wa mistari mmoja, na yule mwenye miba mirefu iliyotanuka kama upepeo, kwa kuwa anapendeza kwenye picha. Fungate haijesha, ndani kumebaki samaki mmoja mnene na maji yananuka.

Siusemi uzuri. Nyumba kupambwa ni jambo jema, na anayewatunza samaki vizuri simlaumu. Ninachokikataa ni kuchagua viumbe hai kama tunavyochagua mito ya kochi.

Sisi tunapoposwa, wazee hukaa wakaulizana: je, huyu ni kufu yake? Dini yake vipi, tabia yake vipi, ataweza kumtunza? Hatuozwi kwa rangi ya kanzu. Iweje basi viumbe wengine tuwatie wote katika chumba kimoja cha kioo bila kuuliza hata swali moja? Na tena, mke asiyeelewana na mumewe ana njia: kuna wasuluhishi, kuna talaka, kuna khului. Samaki hana mlango. Akipigwa, atapigwa hapo hapo mpaka afe.

Waulizeni watu wa Izigo

Tuseme wewe ni mtoto wa Unguja na unaolewa Izigo, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Kabla hujafikiria tangi, ukifika ukweni waulize wazee habari ya sangara. Ziwa Victoria liko jirani nao, na somo hili wao wamelipata kwa bei ghali.

Ziwa lile lilikuwa na furu, samaki wadogo wa aina nyingi mno. Wataalamu hukadiria aina zake kuwa kama 500, na nyingi hazipatikani mahali pengine duniani. Kila aina ilikuwa na riziki yake: hawa wanakwangua mwani kwenye mawe, wale wanavunja konokono, wengine wanakula wadudu wa matopeni. Ziwa moja, kila mtu na jiko lake.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara akatiwa ziwani. Hakuwa mwenyeji wa humo. Alichaguliwa kwa ukubwa na kwa nyama, maana sangara aliyekomaa anaweza kupita kilo 100. Hakuna aliyewauliza furu. Kwa muda mambo yakaonekana shwari. Ilipofika miaka ya 1980 sangara akajaa ziwa zima, na furu wakatoweka kwa kasi ya kutisha. Inakadiriwa aina kama 200 zimepotea au zimebaki chache za kutafutwa kwa tochi. Uchafu wa maji na uvuvi nao ulichangia, lakini aliyewala ni sangara.

Najua mtasema sangara ameleta viwanda, ameleta fedha, minofu yake inakwenda mpaka Ulaya. Ni kweli, na wapo waliojenga nyumba kwa sangara. Lakini hesabu hiyo ni ya biashara ya samaki wa kuliwa. Wewe unataka samaki wa kuishi pamoja. Na ziwa lile lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000. Ikiwa furu walikosa pa kujificha katika ziwa zima, huyo samaki wako mdogo atajificha wapi ndani ya lita 80?

Maswali matatu ya posa

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji maswali matatu. Akishindwa kujibu, funga mkoba wako.

La kwanza: atafikia ukubwa gani? Si alivyo leo dukani. Kangaja wa buluu, yule aliyependwa na watoto tangu ile filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, akiuzwa ni kama kidole. Akikua anafika karibu sentimita 30, na ni muogeleaji wa masafa. Kumweka katika tangi dogo ni sawa na kumfungia mtoto kabatini kwa sababu alipozaliwa alienea.

La pili: anakula nini? Aina nyingi za kipepeo, wale bapa wa manjano na weusi wanaotuvutia tukipiga mbizi, chakula chao ni matumbawe yaliyo hai. Umpe chembe za mkebeni, atazitazama tu, na siku zikipita anakonda mpaka mfupa unaonekana. Na yule mwenye miba mirefu ni mwindaji: kila samaki anayeenea kinywani mwake ni chakula. Tena miba yake ina sumu, na wewe ndiye utakayetia mkono kusafisha.

La tatu: tabia yake vipi? Kikande ana meno ya kuvunjia kombe, na akizoea tangi hulifanya lake. Bunju huwatafuna wenzake mapezi. Hata wale wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, ambao kila mtu anawaona wapole, wana sheria zao. Wote huanza wakiwa madume, na katika kundi aliye mkubwa ndiye hugeuka jike na kutawala. Ukiweka wawili wa aina moja, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wataelewana. Ukichanganya aina mbili katika tangi dogo kwa kuwa rangi zao zinapishana vizuri, umeleta vita ndani ya nyumba.

Na kufu, dada zangu, si lazima mfanane. Katika miamba yetu kuna samaki mdogo wa mchangani anayeishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri lakini ni mchimbaji hodari. Samaki hawezi kuchimba hivyo lakini macho yake makali. Kamba anachimba, samaki anasimama mlangoni. Hatari ikija anatikisa mkia, wote wanaingia ndani. Mmoja ana anachokikosa mwenzake. Hiyo ndiyo kufu. Rangi haimo.

Bahari haihamishwi kwa ndoo

Sasa njoo kwenye maji. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na si chumvi ya mezani, ni chumvi maalumu ya matangi. Kila wiki utatoa sehemu ya maji na kutia mapya. Ukibadilisha lita 8 tu katika tangi la lita 80, umetumia gramu 280 za chumvi hiyo. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 14. Izigo iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka pwani. Jiulize utainunua wapi, na nani atakutumia ikikwisha.

Kisha kuna ubaridi. Samaki wetu wa miambani wamezoea nyuzi 25 na zaidi, na upande wa Bukoba, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku joto hushuka chini ya 20. Utahitaji kipasha maji na pampu inayofanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika na huna akiba, hewa ndani ya maji inapungua saa hadi saa.

Na kubwa kuliko yote: tangi jipya halikaliwi siku ile ile. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana, lakini huchukua kama wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha. Anayekupa tangi limejaa samaki asubuhi ya harusi amekupa msiba wa kulipia mwenyewe. Akitaka kukutunza kweli, akupe tangi tupu, chumvi, na kipimo cha maji. Samaki watafuata.

"Ni samaki tu"

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Utasikia: ah, ni samaki tu, si tunawala kila siku? Tunawala, alhamdulillah, na ni halali. Lakini paka naye ni paka tu, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mwanamke yule hakumla wala hakumpiga. Alimfungia tu. Kipepeo anayekufa kwa njaa nyuma ya kioo, mbele ya wageni wanaokula biriani, ana tofauti gani na paka yule?

Na asije mtu akasema dini inakataza kufuga kwa pambo. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea, alimliwaza kindege kilipokufa. Wanazuoni wengi wameichukua hadithi hiyo kuwa ruhusa ya kufuga, kwa sharti la kukitunza kiumbe. Ruhusa ipo. Sharti nalo lipo, na sisi tunachukua ruhusa tunaliacha sharti.

Basi ufanye nini?

Kama moyo umekataa kutulia bila bahari, basi katika lita 80 weka wawili wa anemoni wa aina moja, na mmoja mpole kama yule mwembamba mweupe mwenye mkia mwekundu na uzi mrefu mgongoni. Mfunikie, maana hurukia nje. Watatu, basi. Anayekuambia kumi anakuuzia maiti.

Lakini nasaha yangu kwa anayekwenda Izigo ni nyingine: iache bahari baharini. Ziwa Victoria lina furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, dume lake jekundu mgongoni, na watu wa nchi za mbali wanamfuga kwa fahari. Anaishi maji baridi, huhitaji gunia la chumvi. Naye ana masharti: dume moja na majike kadhaa, maana madume hupigana. Muone afisa uvuvi kwanza, umuulize kinachoruhusiwa.

Na ukichoka, usiende kumwaga tangi ziwani ukidhani unawapa uhuru. Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan ametukumbusha bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, na kizuizi alichokiweka kati yake. Samaki wa chumvi ukimtupa ziwani unamuua. Na samaki mgeni wa maji baridi ukimtupa humo, huenda ukawaletea wakwe zako sangara wa pili.

Mke ni mchunga katika nyumba yake, na ataulizwa kwa alichokichunga. Tangi nalo limo ndani ya nyumba.

Wabillahi tawfiq.