Stima ya volkeno tunaitaka, mwalimu wa volkeno je?

Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba. Deni lenyewe lilikuwa Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017-2021. Fikiria ulikuwa darasa la ngapi 2017. Kelele nyingi mtandaoni zilihusu mitihani na tarehe ya kufuzu, na hiyo ni haki yako. Lakini kuna kazi moja ambayo hatukuitaja kabisa: ya mtu anayetafiti volkeno na kufundisha chuo kikuu.

Najua utasema, "Kwani Kenya tuna volkeno?" Kama unaishi Nakuru, Menengai iko hapo nyuma ya jiji. Longonot umepanda ukapiga picha ukingoni. Kuna Suswa, kuna Paka kule Baringo, kuna Barrier kusini mwa Ziwa Turkana, iliyolipuka mara ya mwisho 1921. Kwa miamba, miaka mia moja ni juzi tu.

Na hii milima haijatulia vile unavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Juliet Biggs, ambaye sasa ni profesa Bristol, Uingereza, walichapisha vipimo vya rada ya setilaiti. Setilaiti hutuma mawimbi ardhini, ikipita tena baadaye hupima kama ardhi imesogea. Paka ilikuwa imeinuka takriban sentimita 21 kwa miezi tisa kati ya 2006 na 2007. Longonot nayo karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Ukisimama pale hungeona kitu.

Mimi sina ubaya na Bristol, wametusaidia. Ninachouliza ni kwa nini kazi ya aina hii ni ngumu kuifanya maisha yako yote ukiwa hapa.

Hebu piga hesabu. Miaka minne ya digrii ya jiolojia, kama miwili ya uzamili, halafu uzamifu unaokula mingine mingi, na unahitaji gari la kwenda nyanjani na pesa za maabara. (Mimi chuo niliachia katikati, kwa hivyo sikuhubirii vyeti.) Wakati huohuo Olkaria inazalisha stima tangu 1981, na leo mvuke unatupa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. KenGen na GDC zinahitaji wanajiolojia. Wakenya wengi wamepelekwa Iceland kusomea mvuke, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi yake ya jotoardhi. Kumbe serikali ikitaka wataalamu, inawapata!

Lakini anayechimba kisima anauliza: mvuke uko wapi na utatosha? Kuna swali lingine: huu mlima umelipuka mara ngapi, na majivu yake yalifika wapi? Hilo halina mteja wa kulilipia. Linajibiwa polepole na mhadhiri na wanafunzi wake, wakichimbua tabaka za majivu mwaka baada ya mwaka. Ndio hao waliokuwa wakidai pesa za 2017.

Goma, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wana kituo chao cha kufuatilia volkeno, na wanasayansi Wakongomani wanaoelezea watu hali kwa Kiswahili. Ufadhili wa Benki ya Dunia uliisha 2020, intaneti ya kuleta data ikakatika kwa miezi. Mei 22, 2021, Nyiragongo ikapasuka na watu zaidi ya 30 wakafariki. Tuseme ukweli: utafiti wa baadaye ulionyesha mlima ulitoa dalili chini ya saa moja kabla, hivyo pengine hata data kamili isingetosha. Ila siku zilizofuata, mitetemo ilionyesha magma inasonga chini ya mji wenyewe kuelekea Ziwa Kivu, na Mei 27 mamia ya maelfu wakaambiwa wahame. Kusoma ishara kama hizo hakujifunzwi kwa wiki moja.

Sisi hatuna kituo kama hicho. Machi 2018 ufa ulipotokea karibu na Mai Mahiu, mtandao wote ulitangaza Afrika inagawanyika. Wanajiolojia waliosema kwamba mvua kubwa ilikuwa imekokota udongo walisikika baadaye sana, wakati meme zilikuwa zimeshafika kila grupu ya WhatsApp.

Kama una mdogo wako anayejaza kozi KUCCPS na jiolojia iko kwa orodha yake, mwambie asiulize tu kuhusu alama. Apigie idara simu, aulize ni mhadhiri gani hapo anafanyia volkeno utafiti, na mara ya mwisho walipeleka wanafunzi Menengai au Suswa ni lini.