Msitu Wetu, Mpango Wetu: Ilani ya Wakazi wa Miombo

Sisi wakazi wa vijiji vya miombo vya Kilwa, Liwale na Nachingwea, wakulima, warina asali, wachoma mkaa, waganga na wapasua mbao, tunaanzisha harakati hii kwa sababu moja: msitu tunaoishi nao unapangiwa mambo bila sisi.

Mwenendo tunaujua. Mpango wa usimamizi unaletwa ukiwa umeshakamilika, tena kwa Kiingereza. Mkutano unaitishwa asubuhi, kina mama wakiwa shambani. Waliofika wanasaini karatasi ya mahudhurio. Baadaye tunaambiwa saini zile ndizo ridhaa ya kijiji. Kisha magogo ya mpingo yanapita barabarani yamegongwa alama ya nyundo ya kuruhusu yasafirishwe, na kijijini hakuna ajuaye yalihesabiwa lini. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Anayeukata bila hesabu anamdhulumu mjukuu.

Sheria haikutaka hivyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga na kusimamia msitu wake. Na inawezekana: kule Duru-Haitemba, wilayani Babati, wanavijiji walishika ulinzi wa misitu yao katikati ya miaka ya 1990. Hapa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mpango uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji ukiwa bado rasimu.

2. Wanawake, vijana na wafugaji wawepo wakati wa kuhesabu miti na kuweka mipaka, si siku ya kupitisha tu.

3. Kiwango cha kuvuna, jina la mnunuzi na mapato vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

4. Saini ya mahudhurio isigeuzwe ridhaa.

Nasi tunaahidi: tutafanya doria kwa zamu, tutazima moto, na hatutamficha ndugu anayevuna usiku. Hesabu ikionyesha miti haitoshi, tutaacha kuvuna, hata kama mnunuzi yuko mlangoni na fedha mkononi.

Ndugu mwanakijiji, mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ujao usikupite. Uliza mpango wa msitu uko wapi, na usiweke saini kabla hujasomewa.