Lubumbashi: Filme ya majambazi inayofaa kutazamwa Ruashi inasema lingala

Vijana wa komine ya Ruashi wanaojaza filme kwenye kadi za simu wanamjua Jason Statham karibu kama wanavyowajua wachezaji wa Mazembe. Ukiwatajia Riva, wengi watauliza ni nani.

Riva ni mwizi wa esansi. Katika « Viva Riva ! », filme ya mwaka 2010 ya Mkongomani Djo Tunda wa Munga, anarudi Kinshasa akitoka Angola na lori la esansi ya wizi. Mji umekauka, magari yamesimama. Bosi wake César anavuka mpaka kumwinda. Riva angeweza kuuza haraka na kupotea. Lakini anangoja bei ipande zaidi, na wakati huohuo anamfuata Nora, mwanamke wa jambazi mwingine. Mwaka 2011 filme hiyo ilipata zawadi sita kwenye Africa Movie Academy Awards.

Si filme ya kutazama na watoto. Damu ni nyingi, mambo ya chumbani pia, na kuna sehemu ambapo ukatili unazidi kile hadithi inachohitaji. Nguvu yake iko kwingine: Munga hakuhitaji helikopta. Alichukua ukosefu wa esansi, ambao kila Mkongomani mwenye gari au pikipiki anaujua, akaacha mjeshi, mtu wa kanisa na jambazi wote wavutwe nao.

Kule Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alifanya jambo kama hilo kwa pesa kidogo zaidi. « Who Killed Captain Alex ? », ya mwaka 2010 pia, ina bunduki zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, na msimulizi anayepiga kelele juu ya picha. Inachekesha kuliko kutisha. Lakini inajibu wale wanaosema kila siku kwamba bila mamilioni hakuna sinema.

Na Ruashi? Mgodi wa shaba na kobalti uko palepale kwenye komine. Malori yenye madini yanashuka kuelekea Kasumbalesa. Kuna wachimbaji wa mikono, kuna wanunuzi na mizani yao, na wachimbaji wengi hawaiamini mizani hiyo. Munga angepewa hayo, asingetafuta esansi.

Kuna wazazi watakaosema filme ya wezi itafundisha wizi. Hofu hiyo inaeleweka, ila watoto wao tayari wanatazama wezi wa Los Angeles kila jioni umeme ukiwepo.

Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi Cannes mwaka 2023 kwa « Augure », na kiswahili kinasikika ndani yake. Ila hiyo si filme ya kukimbizana. Filme ya majambazi inaishi kwa maneno: namna mtu anavyotisha mwenzake, anavyobisha bei, anavyodanganya polisi huku akicheka. Kiswahili cha Lubumbashi kina hayo yote.

Kwa sasa, kijana wa Ruashi asiyejua lingala vizuri na anayetaka kumfuata Riva lazima asome maandishi ya kifaransa chini ya picha, kwenye kioo kidogo cha simu, ama amwombe jirani aliyeishi Kinshasa akae karibu naye.