Uigaji wa prosesa: Kasi yavutana na usahihi

KAMPUNI ya AMD ya Marekani iliingiza sokoni mwaka 2024 prosesa ya EPYC 9965 yenye viini 192, yaani vitengo 192 vya kukokotoa vinavyochota data katika kumbukumbu ya pamoja. Je, mtambo wa namna hiyo hupimwaje kabla haujatengenezwa?

Kutengeneza chipu ya majaribio ni ghali mno, hivyo wabunifu huandika programu ya kuiga mwenendo wake. Tatizo ni kwamba uigaji makini huenda polepole maelfu ya mara kuliko mashine yenyewe. Programu ya gem5, inayotumiwa sana na watafiti tangu mwaka 2011, kwa kawaida huiga viini vyote kwa zamu ndani ya kiini kimoja. Kila kiini kinachoongezwa hurefusha foleni.

Dawa iliyo wazi ni kugawa kazi, viini vingi viige vingine kwa wakati mmoja. Ugumu umo katika kumbukumbu. Viini viwili vinapobadili data ile ile, lazima ijulikane kipi kilitangulia. Mpangilio ukikosewa, matokeo yanahusu mashine isiyokuwapo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walipata njia mwaka 1993 katika mradi wa Wisconsin Wind Tunnel, wakitumia kompyuta ya CM-5. Katika mashine waliyoiga, ujumbe haukuweza kufika kabla ya mizunguko 100 ya saa. Basi kila prosesa iliachwa iende peke yake mizunguko 100, kisha zote zikasubiriana, na usahihi haukupotea. Thinking Machines, watengenezaji wa CM-5, walifilisika mwaka 1994, lakini wazo hilo limedumu.

Ndani ya chipu moja, hata hivyo, habari hufika upesi zaidi, na kusubiriana kila mara humeza faida yote. Ndiyo maana Graphite ya MIT, mwaka 2010, iliruhusu saa za viini zipishane. ZSim ya MIT na Stanford, mwaka 2013, iliiga viini 1,024 kwa kuviacha kwanza viende kana kwamba hakuna msongamano, kisha kukokotoa ucheleweshaji baadaye.

Njia hiyo hutegemea dhana kwamba migongano mingi huchelewesha data tu, haibadili inakopita. Kwa programu nyingi dhana hiyo inatosha. Kwa zile ambazo viini vyake hugombea data ile ile bila kukoma, mbunifu anayelinganisha miundo miwili ya kumbukumbu anaweza kuchagua iliyo dhaifu, na kosa likagundulika chipu ikiwa imekwishatengenezwa.