Mteja Asiyenyoosha Mkono

Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa mazoezi ya kufundisha alikuwa na kawaida ya kukaa dawati la nyuma kabisa, kimya, daftari lake mapajani. Siku aliyonikagua mimi nilijiona nimefundisha vizuri sana. Kila nilipouliza swali watoto walinyoosha mikono huku wakiita, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Baada ya kipindi aliniuliza jambo moja tu: yule mtoto wa karibu na dirisha nimemwuliza mara ngapi? Sikuwa nimemwuliza hata mara moja. Akaniambia kwamba mwalimu anayewajali wanaonyoosha mikono peke yao hafundishi darasa. Anafundisha watoto wanne, na wengine anawachunga wasitoroke.

Neno lile nimelikumbuka uzeeni, na kilichonikumbusha ni shilingi 150,000. Nilizituma kwa simu kulipa ada ya mjukuu wangu. Zikakatwa katika salio langu, chuoni hazikufika. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Nikasikilizishwa muziki, kisha sauti ya binti ikanihakikishia kwamba simu yangu ni ya muhimu sana kwao, kisha muziki tena, mpaka simu ikakatika. Nikapanda daladala hadi dukani kwao mjini. Nikapewa karatasi yenye namba, nikasubiri karibu saa tatu, nikajaza fomu, nikaambiwa nirudi nyumbani nisubiri siku tatu. Siku ya tisa nilikuwa ningali nasubiri.

Katika benchi lile la kusubiri nilikutana na jirani yangu wa mtaani, mama lishe ambaye chai yake naijua vizuri. Shida yake ilikuwa ileile. Alimtumia mama yake kijijini shilingi 60,000 za dawa; fedha ikakatwa, mama hakuipata. Alijaza fomu kama yangu, kwa kalamu niliyomwazima mimi, akaambiwa maneno yaleyale na kijana yuleyule.

Siku ile ya tisa, jioni, mjukuu wangu alichoka kunisikia nikilalamika. Akachukua simu yake akafungua ukurasa wa kampuni ile mtandaoni. Walikuwa wameweka picha ya mzee mwenye mvi, ameshika simu, anacheka, na chini yake maneno ya kusema kwamba wao na wazee ni familia moja. Hapo chini ya picha mjukuu akaandika kisa changu kwa sentensi tatu, akataja na tarehe. Sikuwa nimemaliza kikombe changu cha chai jibu lilipokuja: "Habari ndugu mteja, pole sana kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali tutumie namba yako ya simu inboksi ili tukuhudumie haraka." Kabla ya saa nne usiku fedha ilikuwa imerudi.

Nilifurahi, sitaficha. Lakini usiku ule usingizi haukuja upesi. Kumbe fomu yangu haikupotea, wala mitambo haikuharibika, wala hapakuwa na uchunguzi mgumu wa kuhitaji siku tisa. Kazi yote ilikuwa ya saa chache. Kilichokosekana siku zote tisa ni watazamaji.

Asubuhi nilimwendea jirani yangu. Fedha yake ilikuwa haijarudi. Nikamwomba mjukuu amwandikie na yeye. Jibu likaja kwa haraka ileile na kwa adabu ileile: kwa usalama wa mteja, mwenye laini aandike mwenyewe kwa akaunti yake. Mama yule hana akaunti. Simu yake ni ile ndogo ya tochi. Alikwenda dukani mara mbili zaidi, na mara zote mbili aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Baada ya hapo hakwenda tena. "Mwalimu," aliniambia huku akikanda unga wa chapati, "nimeachia. Nauli inamaliza mtaji."

Nasema wazi, na ninayemsema ajue kwamba ndiye: kampuni inayotenda hivyo mtandaoni inalihudumia jina lake. Mteja hupata nafuu pale tu shida yake inapolichafua jina hilo mbele za watu. Asiyeweza kulichafua hana la kupata.

Tazama kazi yenyewe inavyofanywa. Makampuni mengi siku hizi yanaajiri vijana wa zamu ambao kazi yao ni kukaa mbele ya kompyuta na kujibu. Wana sentensi zilizokwisha kuandikwa, nazo nyingi huanza na pole. Zipo programu za kompyuta zinazokusanya kila mahali jina la kampuni linapotajwa, zikayapanga maneno hayo kama ni ya sifa au ya lawama, na wakubwa wakaletewa hesabu. Hesabu hiyo hupima maneno yaliyosemwa. Mama lishe hajasema neno mtandaoni. Kwa hiyo katika hesabu hiyo shilingi 60,000 zake hazijapata kupotea.

Tazama pia wanavyotuita inboksi. Namba ya simu na salio la mtu si vya kuanikwa hadharani, hilo nakubali. Lakini kisa kikishaingia chumbani, kinachobaki mlangoni ni neno pole peke yake. Wapita njia huiona pole hiyo. Kama fedha ilirudi au haikurudi, hawataona.

Najua ninachokisema kwa sababu nami nimewahi kukitenda. Nikiwa mwalimu mkuu tulipata habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Nikawatoa watoto madarasani siku mbili, wakapaka chokaa kuta za mbele na kupanga mawe kando ya njia ya kuingilia. Vyoo vya wasichana, huko nyuma, mlango mmoja ulikuwa umeng'oka tangu Pasaka. Sikuugusa. Mkaguzi alipofika alinisalimu, akaizunguka ofisi, akaenda moja kwa moja vyooni. Wasichana wawili wa darasa la saba walikuwa wamesimama wameshika khanga kumsitiri mwenzao aliyekuwa ndani. Aibu ile ninayo hadi leo. Chokaa ilikuwa nyeupe kweli, na mawe yalipangika vizuri. Lakini siku mbili zile zilitosha kabisa kutengeneza mlango.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Machi 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri kwa ndege ya United Airlines ya Marekani, kutoka Halifax kwenda Omaha kupitia Chicago. Huko Chicago abiria waliwaona wapakiaji wakirusha magitaa. Gitaa lake la Taylor, lenye thamani ya dola 3,500, lilivunjika, na kulitengeneza kulimgharimu dola 1,200. Alilidai shirika hilo kwa miezi kama tisa, akazungushwa kutoka ofisi hii hadi ile, mwisho akajibiwa kwamba hana haki kwa kuwa hakuwasilisha madai ndani ya saa 24. Julai 2009 akaweka YouTube wimbo wa kulisimanga shirika. Katika siku moja ulitazamwa mara 150,000, na baadaye mamilioni. Ndipo shirika lilipomtafuta lenyewe kuzungumzia fidia. Carroll hakutaka tena fedha yao; dola 3,000 zikatolewa kwa taasisi ya muziki wa jazi. Shirika likasema kwamba video ile lingeitumia kufundishia wafanyakazi wake.

Je, somo hilo lilieleweka? Tarehe 9 Aprili 2017, katika uwanja uleule wa O'Hare, Chicago, daktari David Dao, mwenye umri wa miaka 69, alikuwa amekwisha kukaa kitini ndani ya ndege ya United Express. Zikatakiwa nafasi nne za wafanyakazi wa shirika. Alipokataa kushuka, maofisa wa usalama wa uwanja walimng'oa kitini wakamburuta sakafuni, damu zikimtoka usoni, na abiria wenzake wakarekodi kwa simu zao. Tamko la kwanza la mkurugenzi, Oscar Munoz, liliomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria nafasi nyingine. Dunia ilipochachamaa, tarehe 11 likaja tamko jingine la kukiri kosa na kuahidi kulirekebisha, na kabla ya mwezi kwisha shirika lilikuwa limepatana na daktari kwa malipo. Karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu wimbo wa Carroll. Utajifunza namna ya kujibu watu mpaka uhitimu, lakini kama hukugusa jinsi unavyowatendea, siku moja simu ya abiria itaonyesha.

Wako hata waliopima wazi ukubwa wa sauti ya mteja. Klout, huduma iliyoanza mwaka 2008 na kufungwa 2018, ilimpa mtu alama kuanzia 1 hadi 100 kwa kadiri anavyosikilizwa mitandaoni. Mwaka 2013 shirika la American Airlines lilifungua vyumba vyake vya mapumziko, bure kwa siku moja, kwa mwenye alama 55 na kuendelea. Klout imekufa, lakini mazoea yake tunaishi nayo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinawakodi pia watu maarufu wakitembeze.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, ananipinga. Anasema zamani mnyonge hakuwa na pa kusemea. Uliandika barua kwa mhariri wa gazeti, ukasubiri wiki nyingi, na ilipochapwa nusu yake ilikuwa imekatwa. Leo mjukuu wa mtu yeyote anaweza kuitikisa kampuni kubwa akiwa jikoni. Ni kweli, nami ni shahidi, maana fedha yangu ilirudi kwa njia hiyo. Sitaki mlango huo ufungwe. Ninachosema ni kwamba haki inayotolewa kwa kuogopa aibu humfikia mwenye uwezo wa kuaibisha, ikaishia hapo. Isitoshe, kila tunapofanikiwa kwa njia hiyo tunazidi kuwafundisha wenye makampuni kwamba fomu za dukani zinaweza kungoja.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, malalamiko yote yaingie katika daftari moja, yawe yameletwa kwa mtandao, kwa simu au kwa fomu, na yashughulikiwe kwa kufuata tarehe. Pili, kampuni inayojisifu kwamba hujibu mtandaoni kwa dakika chache itangaze pia kwamba mteja wa fomu alisubiri siku ngapi. Tatu, kijana wa dukani apewe uwezo uleule wa kurudisha fedha ambao hupatikana ghafla usiku mtandaoni kunapochafuka. Na vijana hawa, wa dukani na wa kwenye kompyuta, sina ugomvi nao. Wa rika lao wamepita mikononi mwangu darasani, na naamini pole zao ni za kweli. Ninaowalaumu ni waliowakabidhi pole wakabaki na ufunguo wa sanduku.

Nawe msomaji, siku utakapohudumiwa upesi kwa sababu mwanao au mjukuu wako amepiga kelele mtandaoni, geuka utazame ni nani aliyekuwa nyuma yako kwenye benchi. Mimi niligeuka nikiwa nimechelewa.

Picha ya yule mzee anayecheka bado ipo katika ukurasa ule. Mjukuu alinionyesha juzi. Chini yake ipo pole niliyopewa mimi, na chini ya pole hiyo mtu nisiyemjua amewapongeza kwa huduma nzuri. Shilingi 60,000 za mama lishe ziko kwao mpaka leo.