Ngoja Ngoja Yetu ya Gonzaga

Wanachama wenzangu, najua wengi wenu mkifika ukurasa wa maoni hutarajia kusoma juu ya nidhamu ama usafi wa mabweni. Hayo yamekwisha andikwa na wenye ujuzi. Mwaka huu mhariri ameniruhusu niseme yangu, nami yangu ni mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, hasa timu moja iliyonitesa moyo tangu nikiwa shule ya msingi. Timu yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Gonzaga. Si Duke, si Kentucky, wala si North Carolina, ambazo kila aliyenunua fulana ya mtumba yenye jina lao kifuani huamka asubuhi akajiita shabiki. Mwulize kocha wa timu hiyo ni nani, atakutazama tu kama umemuuliza mambo ya mwezini.

Jina la Gonzaga halipaswi kuwa geni kwetu. Jijini Nairobi kuna shule ya sekondari ya Wajesuiti inayoitwa St. Aloysius Gonzaga, na chuo ninachokisema pia ni cha Wajesuiti, kilichoanzishwa mwaka wa 1887 katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, kaskazini magharibi kabisa mwa Marekani. Mtakatifu mwenyewe alikuwa kijana wa Kiitalia aliyefariki mwaka wa 1591, akiwa na miaka 23 tu, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni mjini Roma. Chuo chake ni kidogo. Wanafunzi hawafiki elfu kumi, na ukumbi wao wa kuchezea huingiza watazamaji 6,000 hivi, ilhali wakubwa wengine wana kumbi za watu elfu ishirini. Timu ya ile kandanda yao ya kubeba mpira mikononi waliiacha tangu 1941. Kwa hivyo Spokane ikifika Novemba hakuna habari nyingine: ni kikapu, kikapu, kikapu.

Na wamekipeleka mbali hicho kikapu, bwana. John Stockton, ambaye pasi zake 15,806 za kuzaa vikapu katika NBA hazijafikiwa na mtu hadi leo, ni mzaliwa wa Spokane na alisoma hapo hapo. Kocha Mark Few alipokabidhiwa usukani mwaka wa 1999 watu walidhani ni moto wa mabua. Lo! Tangu mwaka huo huo timu ikawa mgeni wa kudumu katika mashindano makuu ya taifa ya mwezi wa Machi. Kuanzia 2015 hadi 2024 walifika timu 16 bora mara tisa mfululizo, ukiondoa 2020 ambapo mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Houston ndio waliokata uzi huo mwaka wa 2025, kwa 81 kwa 76.

Ila kabati lina pengo. Kombe la taifa hawajawahi kulitia mkononi.

Mara mbili wamelikaribia hadi wakalinusa. Mwaka wa 2017 walicheza fainali na North Carolina. Mchezo ulikuwa wa filimbi tupu, makosa 44 kwa jumla, hata mtu akichelea kupiga chafya mwamuzi asije akamwadhibu. Zikisalia chini ya dakika mbili Gonzaga walikuwa mbele 65 kwa 63. Basi hapo ndipo mlango ulipofungwa. North Carolina walifunga alama nane za mwisho, wenzangu hawakupata hata moja, ikawa 71 kwa 65.

Ile ya 2021 ndiyo niliyoiona kwa macho yangu, na sina budi kueleza nilivyoiona. Mjomba wangu ni bawabu wa usiku. Mechi za Marekani huanza kwetu saa nane, saa tisa, saa kumi za alfajiri, wakati ambapo mlinzi hana mwenzake ila simu yake na mbwa wa mwenye nyumba. Ndivyo alivyouzoea mchezo huu, kisha akaniambukiza. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa mirusho ya mwisho. Mwezi wa Februari, kule Yaoundé, Tylor Ongwae aliifungia Kenya kikapu cha dakika ya mwisho tukawapiga Misri 74 kwa 73, na baadaye tukarudi katika kombe la Afrika baada ya miaka 28. Halafu Aprili, katika nusu fainali, Gonzaga walikuwa sare na UCLA katika muda wa nyongeza. Kijana Jalen Suggs akaupokea mpira, akakimbia nao, akaurusha kutoka karibu na mstari wa katikati. Ukagonga ubao ukaingia. 93 kwa 90! Mjomba anasema alipiga ukelele hadi mwajiri wake akawasha taa akidhani ni wezi.

Kufikia hapo walikuwa wamecheza mechi 31 bila kushindwa. Hakuna timu ya wanaume iliyomaliza msimu na kombe bila kupoteza hata mechi moja tangu Indiana mwaka wa 1976. Tukasema, sasa basi. Siku mbili baadaye Baylor walianza fainali kwa alama 9 kwa bila, na hawakutazama nyuma. 86 kwa 70. Walikuwa na nguvu zaidi, na wepesi zaidi. Sitaki kuongeza neno.

Wakosoaji wana jibu lao: ati Gonzaga hujinoa kwa kijiwe cha sabuni. Husema ligi waliyokuwamo tangu 1979, ya West Coast, ni ya vyuo vidogo vidogo, timu huzoea kushinda kwa alama thelathini, kisha ikikutana na wanaume wenye misuli mwezi wa Machi inashtuka. Kwa maoni yangu hoja hii ina ukweli nusu. Timu iliyofika fainali mbili haikufika kwa bahati nasibu. Lakini anayetazama zile dakika za mwanzo dhidi ya Baylor hawezi kukana kwamba wenzetu walikuwa hawajasukumwa hivyo kwa miezi kadhaa.

Ndiyo maana msimu wa 2026-27 unanitia joto. Mwezi wa Oktoba 2024 Gonzaga walikubali kuhamia ligi ya Pac-12, na huo ndio msimu wao wa kwanza huko. Watakutana na San Diego State, walaji nyama hasa wa ulinzi, waliofika fainali ya 2023. Watakutana na Boise State, Utah State na Colorado State, ugenini, kwenye kumbi zilizojaa watu wasiowapenda. Wapo wanaosikitika kwamba huenda wakapoteza mechi nyingi zaidi. Mimi nasema wapoteze! Afadhali wapigwe tatu nne Januari na Februari, wajue dawa ya kusukumwa ni nini, kuliko kufika Machi wakiwa wateule wa magazeti.

Kuna na jambo jingine la kutufurahisha sisi. Katika ligi hiyo kuna Washington State, chuo kilichoko Pullman, si mbali na Spokane. Hapo ndipo aliposoma Henry Rono wetu, yule Mnandi aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba nashabikia mahali nisipopajua, namwambia sehemu hiyo ilijua jina la Mkenya kabla babangu hajaanza shule.

Sasa nije kwa linaloniumiza zaidi, nalo ni pesa. Tangu mwaka wa 2021 mwanamichezo wa chuo Marekani anaweza kulipwa kwa kutumia jina na sura yake kwenye matangazo. Tangu mwaka huo pia kuhama chuo kumekuwa rahisi, si kama zamani ambapo aliyehama alikaa nje msimu mzima. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka. Mimi si mmoja wa wale wanaolia kwamba pesa zimeharibu mchezo. Kwa miaka mingi makocha walilipwa mamilioni na televisheni zikavuna, huku kijana anayetoka jasho akipewa karo na chakula. Mchezaji naye ana tumbo, na ana mama nyumbani.

Lakini siku hizi timu inakuwa kama stendi ya matatu. Huyu anashuka, yule anapanda, na kabla hujalishika jina lake ameshaenda chuo kingine. Shabiki anabaki akishabikia fulana. Gonzaga kilipendwa kwa sababu vijana walikaa wakakua. Drew Timme alikaa misimu minne, akaondoka 2023 akiwa mfungaji bora wa chuo hicho wa nyakati zote, alama 2,307. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Frank Burgess, alama 2,196, iliyodumu tangu 1961. Na huyo Burgess mnajua alifanya nini baadaye? Alirudi chuoni hapo hapo akasomea sheria, akaishia kuwa jaji wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani. Natumaini msimu huu kocha atashikilia angalau vijana watano sita waliokwisha kula chumvi pamoja. Kwa kuwa Gonzaga hawana ile kandanda ya kumeza fedha, wana nafasi ya kuwapa wachezaji wa kikapu fungu nono kuliko vyuo vinavyogawa kila senti mara mbili. Waitumie nafasi hiyo kuwaweka waliopo, si kununua majina mapya kila mwezi wa Aprili.

Mwenzangu mmoja wa bweni huniambia, "Wewe bana, hiyo timu haikujui. Ungelia hivyo kwa ajili ya timu ya shule tungekuwa mbali." Maneno yake yana uchungu kwa kuwa mimi huchezea timu ya shule. Uwanja wetu una ubao mmoja mzima, wa pili umepasuka, na nyavu tulizisahau zamani. Binamu yangu alicheza vizuri kuniliko mimi. Alipomaliza kidato cha nne hakuna chuo kilichomwita, akaweka viatu juu ya kabati, na havijashuka. Hapo ndipo ninapojibu kwamba mwenye kutazama mbali hajaacha kwao. Madina Okot alipitia shule za humu humu nchini, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech, mwaka wa 2024 akaenda Mississippi State, na 2025 akajiunga na South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake. Alipoitwa hakwenda kujifunza mchezo uitwaje, alikwenda akiujua. Mimi nikitazama jinsi Gonzaga wanavyopigiana pasi za haraka mbele ya ulinzi wa kanda, ninakuja kuijaribu Jumamosi kwenye ubao wetu mmoja. Nahodha wetu ameshaiona ikifanya kazi mara mbili.

Pia natamani siku moja Mkenya avae fulana yao. Mjapani Rui Hachimura aliivaa, akachaguliwa wa tisa kuingia NBA mwaka wa 2019. Oumar Ballo wa Mali aliivaa kabla ya kuhamia Arizona. Njia ya Afrika imeshakanyagwa.

Basi msimu utaanza Novemba, ndugu zetu wa kidato cha nne wakiwa katikati ya KCSE. Januari tukirudi nitategemea simu ya kadi, Jumapili baada ya ibada, mjomba anisomee matokeo ya wiki nzima kabla pesa hazijaisha. Fainali huwa Jumatatu mwanzoni mwa Aprili huko kwao, kwetu ikiwa Jumanne alfajiri. Yule mwenzangu wa bweni, ambaye ni wa Duke kwa sababu ya fulana, ameweka mandazi kumi kwamba Gonzaga hawatafika hata nusu fainali. Nimekubali mbele ya mashahidi wawili. Nimemwambia pia wakifika fainali nataka ishirini, na wakilitwaa kombe anipe hiyo fulana niipigie deki.