Meli Ikiikwepa Mombasa, Hasara Hufika Migwani

Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005, meli ya kitalii iitwayo Seabourn Spirit ilikuwa njiani kuja Mombasa kutoka Alexandria, Misri, iliposhambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Walikuja kwa boti mbili ndogo, wakafyatua risasi na makombora. Nahodha akaongeza mwendo, mabaharia wakawaelekezea maharamia mtambo wa kurusha sauti kali, na meli ikaponyoka. Kilindini, bandari ya Mombasa, haikufika. Iligeuza njia ikaenda Shelisheli. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na yeyote anayetaka kuzungumza juu ya haki pale meli inapobadilisha bandari hana budi kuanza kwa kulikubali hilo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao mabaharia huuita SOLAS, unamkataza mwenye meli au aliyeikodi kumzuia nahodha asifanye uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama wa watu. Hakuna bandari inayolingana na roho ya abiria mmoja, hata ipendwe vipi. Ninachokipinga ni kinachofuata. Nahodha akishaamua, gharama ya uamuzi wake hushuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka imfikie mtu asiyejua hata jina la meli, na ikifika hapo haiendi tena popote. Mpangilio huo umewekwa na watu, na watu wanaweza kuupangua.

Itazame safari hiyo ya gharama kutoka upande wa bara, anakoishi mtu huyo. Migwani iko Mwingi Magharibi, Kaunti ya Kitui, kwenye barabara inayounganisha Kitui mjini na Mwingi. Anayeshuka baharini kutoka huko hupita Kitui, Mutomo, kisha Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, ndipo aishike barabara kuu ya Mombasa. Watu wa Ukambani waliujua uelekeo huo kabla ya lami. Katikati ya karne ya 19, misafara ya Kivoi wa Kitui ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani, na mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, biashara ya pembe ikiwa imepita, ikaja kazi ya mikono: Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, ndiye anayesimuliwa kuwa alirudi kutoka Tanganyika, alikokuwa na kikosi cha wabeba mizigo, akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago vya kuuza. Ujuzi huo ulienea hadi ukafika Changamwe, Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa mwaka 1963 na bado ni mahali ambapo watalii hupelekwa. Wanawake nao husuka vyondo. Kazi ya chondo haionekani thamani yake dukani: mkonge huparwa, nyuzi zikaanikwa, zikasokotwa pajani, zikatiwa rangi, ndipo ususi uanze, na hapo katikati kuna maji ya kuchota, mbuzi wa kuchunga na watoto wa kulisha.

Kalenda ndiyo inayoigeuza kazi hiyo kuwa bahati nasibu. Meli za kitalii huzuru pwani yetu hasa wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Ukambani, mvua zinazotegemewa zaidi kwa kilimo ni zile za Oktoba hadi Desemba. Meli zinapoanza kuonekana Likoni, mikono ya msusi iko shambani. Kwa hiyo chondo cha kumngojea mtalii wa Januari lazima kisukwe katika miezi mikavu iliyotangulia, Julai, Agosti, Septemba, kwa rangi iliyonunuliwa kwa pesa taslimu au kwa mkopo wa chama. Kisha hutolewa kwa mali kauli: dalali huchukua mzigo, hulipa ukiuzika. Mwenye duka Mombasa naye humpa dalali neno lilelile. Kila mmoja katika mnyororo huo ana mlango wa nyuma wa kutokea, isipokuwa wa mwisho. Kampuni ya meli imemwandikia abiria mkataba unaoiruhusu kubadili bandari. Wakala wa nchi kavu ana masharti yake na kampuni. Mwenye duka harudishi ila chondo, na dalali hurudisha chondo hichohicho. Msusi amekwisha kulipa kwa siku zake miezi minne kabla meli haijang'oa nanga.

Abiria pia ameumia, na sioni sababu ya kumdharau. Aliyekuwa ameweka akiba ya miaka mingi kwa ajili ya siku moja ya ndovu wa Tsavo na saa chache ndani ya Fort Jesus, akaamka na kuambiwa kwamba atashushwa Victoria, Shelisheli, kutazama kobe wakubwa, amenyimwa kitu alichokinunua akilini mwake. Lakini akiusoma mkataba wake atakuta hakukinunua. Mikataba ya kampuni karibu zote za meli hizi huipa kampuni haki ya kuruka bandari, kuibadilisha au kufupisha muda wa kukaa, pasipo deni, mbali na kumrudishia abiria ada za bandari ambako meli haikutia nanga. Sheria za nchi zao hazimsaidii sana. Kanuni ambayo tume ya Marekani ya usafirishaji wa baharini iliianzisha mwaka 2022 inahusu safari iliyofutwa au iliyochelewa kuondoka kwa siku 3 au zaidi. Bandari iliyorukwa haimo. Ulaya, maagizo ya mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi yanampa msafiri haki ya kujitoa pale jambo kuu la safari linapobadilishwa sana kabla ya kuondoka, lakini akiwa tayari katikati ya bahari, kujitoa aende wapi? Ushauri wa kweli kwa mtu kama huyo ni kwamba ratiba ya meli ni orodha ya matumaini. Anayetaka Tsavo kwa dhati aje kwa ndege, ashuke Mombasa au Nairobi, apande treni ya SGR inayopita Voi na Mtito Andei tangu mwaka 2017. Anayetaka bahari apande meli, na Mombasa ikija aishukuru.

Ushauri huo unamtosha abiria kwa sababu abiria anachagua. Msusi hachagui meli, na hapo ndipo hoja ya "ndivyo biashara ilivyo" inapoanza kupwaya. Wanaoitetea husema kwamba kila anayeuza hubeba hatari ya mnunuzi kutotokea. Sawa. Lakini hatari katika biashara yoyote yenye adabu humwendea anayeweza kuiona mapema, kuikatia bima, au kuigawa katika safari nyingi. Kampuni ya meli ina vyote vitatu. Ina idara nzima inayofuatilia hali ya bahari na siasa, ina bima, na ina bandari nyingi za kuchagua. Mwanamke wa Migwani hana hata kimoja. Kumwachia yeye hatari hiyo ni sawa na kumtoza kodi asiyeijua mtu asiye na kura.

Tena, si kila badiliko la bandari ni kombora la alfajiri. Baada ya mwaka 2005 hofu iliwekwa kwenye ramani. Ofisi ya kimataifa ya masuala ya baharini ilihesabu mashambulio 237 ya maharamia wa Kisomali mwaka 2011, na sekta ya meli ilichora eneo la hatari kubwa lililoshuka hadi nyuzi 10 kusini mwa ikweta na kwenda mashariki hadi karibu na India. Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, ikawa ndani ya mstari. Shelisheli, ambayo ilikuwa kimbilio mwaka 2005, nayo ikawa ndani. Kwa kweli Aprili 2009 meli MSC Melody ilishambuliwa kaskazini mwa visiwa hivyo, na walinzi wake wakawafukuza maharamia. Mashambulio yakashuka haraka, 75 mwaka 2012 na 15 mwaka 2013, lakini eneo lile, ingawa lilipunguzwa baadaye, halikufutwa kabisa hadi tarehe 1 Januari 2023. Jambo kama hilo lilitokea nchi kavu Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa ila kwa dharura: kampuni za utalii ziliwaondoa wageni wao, na onyo halikulegezwa hadi mwaka uliofuata. Sisemi maonyo hayo hayakuwa na msingi. Watu walikuwa wameuawa, na serikali ina wajibu kwa raia wake. Nasema hofu huingia kwa siku moja na hutoka kwa miaka, na katika miaka hiyo ya katikati, kuiruka Mombasa huacha kuwa uamuzi wa usalama, huwa mazoea, au hesabu ya mafuta, au nafasi ya gati iliyopatikana kwingine kwa urahisi. Badiliko la aina hiyo ni la kibiashara. Anayelifanya kwa faida yake alilipie.

Ninachopendekeza si kikubwa. Mamlaka ya Bandari Kenya iitake kila meli ya kitalii inayohifadhi nafasi Mombasa iweke amana. Meli ikifika, amana inakatwa kwenye ada zake za kawaida. Isipofika kwa sababu ya usalama, hali ya hewa, ugonjwa ndani ya meli au amri ya serikali yoyote, inarudishiwa yote bila maswali marefu, ili nahodha asiwaze pesa hata dakika moja anapowaza roho za watu. Isipofika kwa sababu nyingine, na taarifa ikiwa imetolewa wakati mizigo imekwisha kuandaliwa, amana inabaki, na inakwenda kwa vyama vilivyosajiliwa vya waongoza watalii, wachongaji na wasusi waliokuwa wameagizwa kazi kwa ajili ya meli hiyo. Sharti la pili lina uzito kuliko la kwanza: kazi iagizwe. Wakala anayeuza matembezi ya Changamwe ndani ya meli aagize vinyago na vyondo mapema na kulipa sehemu ya bei. Mali kauli ndiyo shina la dhuluma hii, na amana ya bandarini haitamfikia mtu ambaye jina lake halimo kwenye oda yoyote.

Pingamizi zito ni kwamba meli zitahamia Zanzibar au Dar es Salaam. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu bandari hizi zinashindana kweli, na Mombasa imejenga jengo jipya la abiria wa meli za kitalii ikitarajia wageni zaidi. Lakini amana inayorudishwa kwa kila anayefika haiongezi gharama kwa meli inayotimiza neno. Pia, hakuna bandari nyingine kwenye mwambao huu iliyo karibu na Tsavo kiasi cha abiria kwenda na kurudi kabla meli haijaondoka. Kampuni zinaijia Mombasa kwa ajili ya kilicho nyuma yake. Na ushindani wa kushushiana masharti una dawa yake. Chama cha mamlaka za bandari za Mashariki na Kusini mwa Afrika kina makao yake Mombasa. Kanuni moja ya amana kwa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Victoria na Port Louis ingeondoa sababu ya kuikimbia bandari moja kwenda nyingine.

Wengine watasema suala lenyewe ni dogo: vyondo vingi huuzwa Nairobi au kwa wanunuzi wa nje wanaoagiza kwa mafungu, na meli ni sehemu ndogo ya soko. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Mkulima wa Migwani hapandi mahindi peke yake kwenye udongo ule. Huchanganya mtama, mbaazi na ndengu ili mvua ikikatika asilale njaa, na soko la kazi za mikono linahitaji hesabu hiyohiyo. Kitui ilifungua kituo chake cha nguo, KICOTEC, pale Syongila mwaka 2018, kikashona sare za shule, na mwaka 2020, meli za kitalii zilipokuwa zimetia nanga dunia nzima kwa sababu ya korona, kikashona barakoa kwa wingi. Mnunuzi alikuwa karibu, na oda ilikuwa imeandikwa. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kuwafanyia wasusi vivyo hivyo: kununua vyondo kwa hafla na ofisi zao, na kuvisaidia vikundi vya kina mama kuingia mikataba ya maandishi na maduka ya Nairobi na Mombasa. Hilo halipunguzi haja ya amana. Udogo wa soko la meli hautoi ruhusa ya mtu mmoja kubeba hasara yake yote, na kwa kikundi cha wanawake kumi, mzigo mmoja uliorudi kutoka Mombasa bila kuuzwa ni karo ya muhula. Kwa bajeti ya mafuta ya meli, kiasi hichohicho hakionekani. Ndiyo maana kanuni ya amana inafaa kuandikwa kabla ya msimu ujao wa kaskazi, na wa kwanza kuulizwa viwango vyake wawe vyama vya ushirika vya Changamwe na Ukambani, maana wao wanajua ni miezi mingapi kabla ya meli mkonge huanza kuparwa.